Mtoto Aliomba Boksi

Wiki tatu zilizopita mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka minane kliniki kwangu, ninakofanya kazi ya lishe. Tulizungumza Kiswahili, kwa sababu yeye amekulia kambi ya polisi na mimi nimekulia Walukuba, kule Jinja, hapa Uganda, mtaa uliojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, ambako watoto wa kila kabila tuligombana na kupatana kwa lugha hiyohiyo moja. Nilimpima mtoto. Uzito wake ulikuwa umeuacha mbali urefu wake. Kabla sijauliza lolote, mama alifungua mkoba akatoa boksi la karatasi ngumu, lile la kubebea kuku na chipsi, lenye nembo ya mgahawa mmoja mkubwa wa mjini. Lilikuwa limekunjwa vizuri, pembe zimelegea, doa la mafuta limetanda upande mmoja.

"Musawo, usinicheke," akasema, akiniita daktari kwa Kiluganda. "Hili boksi nina mwezi nalo. Nikimpakulia viazi kwenye sahani, anavisukuma pembeni. Natandika karatasi safi humu ndani, namtilia viazi vilevile, anamaliza. Juzi nilimtilia muhogo wa kuchemsha. Akaula wote."

Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri kosa. Mimi nililishika lile boksi nikaligeuza mkononi, nikahisi uchungu. Miaka yote hii nimekuwa nikieleza watu kuhusu mafuta na chumvi na sukari. Mtoto huyu hana shida na muhogo. Alichokuwa akililia ni boksi.

Mama huyu, bila kujua, alikuwa amerudia jikoni kwake jaribio mashuhuri katika taaluma yetu. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia watoto 63 wa miaka mitatu hadi mitano. Kila mtoto alionjeshwa chakula kilekile mara mbili: mara moja kikiwa kwenye karatasi isiyo na kitu, mara nyingine kwenye karatasi yenye nembo ya migahawa ya McDonald's. Watoto wakaulizwa kipi kitamu zaidi. Kwa jumla walikipendelea chenye nembo, na hilo halikuishia kwenye kuku na chipsi. Hata karoti ilikuwa tamu zaidi ikivishwa ile karatasi. Tena watoto ambao nyumbani kwao kulikuwa na televisheni nyingi zaidi ndio walioathiriwa zaidi. McDonald's haina hata tawi moja hapa Uganda, lakini ulimi wa mtoto wa Stanford na ulimi wa mtoto wa Ntinda, mtaa wa Kampala, unafundishwa kwa njia moja.

Watu wengi hudhani tangazo ni taarifa: kuna kuku, bei yake ni hii, tunapatikana hapa. Kwa mtu mzima labda kuna kiasi cha ukweli humo. Kwa mtoto hakuna. Mwaka 2004 jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilipitia ushahidi uliokuwapo na kueleza kwamba mtoto wa chini ya miaka minane hivi hajaweza kutambua kuwa tangazo lina nia ya kumshawishi. Analipokea jinsi anavyopokea maneno ya shangazi yake. Ukimwambia huyu kuku ni furaha, anaamini ni furaha. Haambiwi uongo kuhusu kuku. Anafundishwa furaha yenyewe inafananaje, ina rangi gani, inakaa kwenye boksi la namna gani.

Kwetu hapa kazi hiyo ilikuwa rahisi kuliko kwingine, na sababu yake ni kuku mwenyewe. Hakuna chakula chenye heshima Uganda kama kuku. Mgeni akija, kuku huchinjwa. Mkwe akija, ndiyo usiseme. Kwa Baganda, kuku wa luwombo, aliyepikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, ni chakula cha siku kubwa, na kwa vizazi vingi wanawake walikatazwa kabisa kumla kuku na hata mayai yake. Bibi zetu wengi walimpika wasimuonje. Nikiwa mtoto Walukuba, kuku ilikuwa Krismasi, Idi, au mjomba amerudi kutoka safari. Ukiona manyoya kwenye jaa la jirani, unajua kwao kuna jambo.

Basi KFC, mgahawa wa Kimarekani wa kuku wa kukaanga, ilipofungua milango Kampala mwaka 2013, na migahawa mingine ya kigeni na ya wenyeji ikaongezeka, haikukuta watu wanaohitaji kufundishwa kumthamini kuku. Heshima ilikuwapo tayari, imejengwa na bibi zetu kwa miaka mamia. Matangazo yaliichukua heshima hiyo yakaihamisha: kutoka kwa jogoo aliyechinjwa kwa ajili yako, ukamwona, ukasikia harufu ya jani la mgomba, kwenda kwenye ndoo ya karatasi. Leo baba akitaka kumwonyesha mtoto kwamba anampenda, na amechoka, na foleni ya magari imemla saa mbili, anasimama dirishani analipa. Simlaumu hata kidogo. Anasema "nakupenda" kwa lugha ambayo mji wote umemfundisha.

Nenda shule yoyote ya bweni siku ya kutembelea wanafunzi uone. Muhula uliopita nilikwenda kumwona binti wa dada yangu, upande wa Mukono. Kufika saa nne, uwanja ulikuwa umejaa mikeka na mashuka, kila familia na kivuli chake. Na katikati ya kila mkeka, kama taa mezani, ilikaa ndoo ya kuku au boksi la pizza, na chupa kubwa za soda pembeni. Sikuwa tofauti, mpwa wangu aliniagiza kwa jina la mgahawa, na dada yangu alikuwa amekwisha kuahidi. Nilibeba.

Nyuma ya tangi la maji, mbali na uwanja, niliwaona baba, mama na msichana wa kama miaka kumi na minne. Walikuwa wamekuja na boda boda, nilijua kwa vumbi. Mama alikuwa amefungua matooke kwenye jani, bado yanatoa mvuke, na bakuli la mchuzi wa karanga lenye samaki wa kuvutwa ndani yake. Kama mtaalamu wa lishe, nikitembea uwanja ule wote nikipima chakula cha kila mkeka, sahani ile ndiyo ningeipigia mfano. Msichana alikuwa amewapa wanafunzi wenzake mgongo, anakula haraka, huku akitazama pembeni kila mtu alipopita. Baadaye mpwa wangu aliniambia kuwa ndiye aliyewaomba wazazi wake wakakae kule.

Picha hiyo haijanitoka. Tunapozungumza kuhusu madhara ya matangazo ya vyakula tunakimbilia unene na kisukari, na nitafika huko, lakini kwa msichana yule dhara lilikuwa limekwisha kutokea kabla ya kipimo chochote cha damu. Amefundishwa kuionea haya sahani ya mama yake.

Sasa afya. Mwaka 2014 Wizara ya Afya ilifanya utafiti wa nchi nzima kuhusu visababishi vya magonjwa yasiyoambukiza. Takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikutwa na shinikizo la damu, na miongoni mwao waliojua hali yao hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu ulionyesha kuwa wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 19 mwaka 2011, wakafika asilimia 24 mwaka 2016. Utafiti huohuo wa 2016 ulikuta asilimia 29 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Isome tena mistari hiyo, maana ndiyo ugumu wa kazi yetu: nchi moja, mara nyingine nyumba moja, ina mtoto aliyedumaa na mama mwenye presha. Magonjwa yasiyoambukiza yanachukua takriban theluthi ya vifo vyote nchini. Anayetaka kuona mwisho wa njia hiyo aende hospitali ya Kiruddu, Kampala, kwenye kitengo cha kusafisha damu, awaone watu wanaokuja kila wiki kuunganishwa na mashine kwa sababu figo zimekufa, nyingi kwa presha na sukari.

Chipsi peke yake haikuleta haya yote. Tunakaa sana, tunatembea kidogo kuliko wazazi wetu, tunatia chumvi mezani juu ya chumvi ya sufuriani. Lakini hebu tuchukue mlo mmoja wa ofa, ule unaobandikwa kwenye mabango, tuufungue. Gramu 100 za viazi vya kuchemsha, vile tunavyoviita airishi, zina karibu kalori 90. Kata viazi hivyo, vizamishe kwenye mafuta yanayochemka: maji yanatoka, mafuta yanaingia, na gramu 100 za chipsi zinafika kalori 300 au zaidi. Kuku amevishwa unga wenye chumvi, kisha naye akazamishwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu alichokula toka asubuhi. Kisha juu ya yote hayo inakuja soda ya nusu lita. Soda ya kola ya ujazo huo ina gramu 53 za sukari, vijiko kumi na vitatu vya chai. Shirika hilohilo linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50. Chupa moja imekwisha kuvuka mpaka, na mnywaji mwenyewe ana miaka minane.

Sukari ya kunywa ina ubaya wake wa pekee. Mwili hauihesabu vizuri. Mtu akila kalori mia mbili za maharage, shibe inamwambia apunguze baadaye. Akinywa kalori mia mbili za soda, anakula kama kawaida, na ile ziada inatafuta pa kukaa. Ndiyo maana nikipewa nafasi ya kuondoa kitu kimoja tu kwenye ule mlo, simgusi kuku, siigusi hata chipsi. Naondoa chupa. Na chupa ndiyo ofa inayosukumwa kwa nguvu zaidi: ongeza kidogo upate kubwa.

Kila nikisema haya, mtu huniuliza kuhusu vyakula vya barabarani: je, rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai? Je, kikomando? Ni swali la haki. Chapati ya rolex ni unga mweupe na mafuta, na mafuta ya barabarani mara nyingi yamerudiwa kikaangoni hadi yamekuwa meusi. Sisafishi jina la mtu. Lakini rolex ina mayai mawili, kabichi na nyanya vilivyokatwa mbele ya macho yako, na kikomando ni chapati na maharage, chakula kilichowasomesha vijana wengi wa Makerere, mimi nikiwa mmoja. Tofauti kubwa zaidi ni hii: kijana wa rolex pale Wandegeya anauza kwa harufu na kwa mwito. Hana bango Jinja Road. Hamfadhili mchekeshaji wa TikTok ale mbele ya kamera. Hakutumii ujumbe kwenye simu saa tano na nusu asubuhi, dakika ambayo tumbo linaanza kuuliza, kukwambia leo ni Jumanne, nunua moja upate mbili. Usiponunua kwake leo, atakuwa amekusahau kesho.

Hapo ndipo hoja ya "mzazi awajibike" inaponishinda kuikubali. Naisikia redioni, naisikia hata kwa wenzangu wa afya. Mzazi ana mdomo mmoja, na anautumia jioni akiwa amechoka. Upande wa pili kuna bango, televisheni, simu, kibao cha duka kilichopakwa rangi ya soda toka juu hadi chini na jina la mwenye duka limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kona. Mashindano ya mpira ya shule za sekondari yalibeba jina la Copa Coca-Cola kwa miaka mingi, tukayazoea kiasi kwamba hatukuona ajabu yoyote. Na shule zetu zenyewe: tembea barabara ya Masaka au ya Jinja uhesabu vibao vya shule vilivyolipiwa na kampuni za soda. Mtoto anajifunza kusoma jina la shule yake chini ya nembo ya kinywaji. Kumwambia mama mmoja ashindane na yote hayo kwa maneno yake matupu, halafu akishindwa tumwite mzembe, ni kumwonea.

Wanaosema serikali haiwezi kuingilia matangazo wanasahau kwamba Uganda imeshafanya hivyo mara mbili. Mwaka 1997 tuliweka kanuni za uuzaji wa vyakula vya watoto wachanga na watoto wadogo, kufuata mwongozo wa kimataifa wa mwaka 1981, kwa sababu kampuni za maziwa ya kopo zilikuwa zikiwashawishi akina mama waache kunyonyesha. Tangu hapo mtu haruhusiwi kuingia wodi ya wazazi na makopo ya bure na mabango ya vichanga wanene. Hakuna aliyekataza maziwa ya kopo; yapo dukani, anayeyahitaji anayapata. Kilichozuiwa ni kumshawishi mama aliyejifungua jana. Kisha ikaja Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015, ikafuta matangazo na ufadhili wa sigara, ikakataza kumuuzia mtu wa chini ya miaka 21. Walioonya kuwa mbingu itaanguka walikuwa wengi. Leo mtoto wa darasa la pili anakua bila mabango ya sigara, na mbingu haijaanguka.

Chile ilikwenda mbali zaidi kwenye vyakula. Sheria yao ilianza kutumika mwaka 2016: alama nyeusi ya pembe nane mbele ya kila pakiti iliyozidisha sukari, chumvi, mafuta au kalori, na chakula chenye alama hiyo hakitangazwi kwa watoto wa chini ya miaka 14, hakiuzwi shuleni, hakiambatanishwi na kidoli wala katuni. Awamu ya kwanza ilipopimwa, manunuzi ya vinywaji vyenye alama yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 24. Quebec, kule Kanada, imekataza matangazo ya biashara kwa watoto wa chini ya miaka 13 tangu mwaka 1980. London iliondoa matangazo ya vyakula hivi kwenye treni na mabasi yake mwaka 2019. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaozitaka nchi ziweke sheria za lazima, kwa kuwa ahadi za hiari za kampuni hazijawalinda watoto.

Kuna hoja ya ajira, nayo naiheshimu, kwa sababu vijana wanaosimama nyuma ya zile kaunta ni wadogo zangu na mkulima wa viazi wa Kabale ana watoto wa kulisha. Sipendekezi kufunga kikaango chochote. Napendekeza mtoto aachwe. Mtu mzima akitaka kuku wake Ijumaa jioni, mlango uko wazi. Lakini kidoli ndani ya boksi, katuni kwenye bango, jezi ya michezo ya shule, kibao cha shule, tangazo katikati ya kipindi cha watoto: hivyo vyote havimlengi mtu mwingine yeyote ila mtoto.

Yule mama wa boksi nilimwambia aendelee nalo hadi lichakae, wala asione haya, maana amegundua kitu ambacho sisi wataalamu tulihitaji maabara kukigundua. Likichakaa, amnunulie mtoto bakuli lake la mfuniko, mtoto mwenyewe aandike jina lake juu na kulichora apendavyo, na chakula chake kipakuliwe humo tu. Soda ibaki ya siku ya sherehe. Atarudi mwisho wa mwezi.

Kuhusu shule ya mpwa wangu, nilimwandikia mwalimu mkuu nikaomba mambo mawili: siku ya kutembelea wanafunzi wazazi wahimizwe kuja na chakula cha nyumbani, na kile kibao cha getini chenye nembo ya soda kibadilishwe. La kwanza alilikubali palepale. La pili aliniuliza, kwa upole, ni nani atakayelipia kibao kipya, kwa sababu kile walipewa bure. Nilikwenda Katwe kwa mafundi wa vyuma. Fundi alipima vipimo nilivyomsomea kwenye simu, akaniandikia bei kwenye kipande cha karatasi: laki nane na nusu, rangi na nguzo ndani yake. Shule ina wanafunzi zaidi ya mia sita. Mkutano wa wazazi ni Jumamosi ya pili ya muhula ujao, nimeomba dakika ishirini, na ile karatasi ya fundi ninayo.